Shajara ya mradi: kadi ya kuungua, na nani atamtumia nani

Jumatatu, tunaanza

Naandika hapa ili wenzangu kwenye mradi na yeyote anayefuatilia ajue tunaelekea wapi. Mradi wenyewe ni mdogo ila kwangu mzito: tunataka kutengeneza kadi za picha na voisi noti za huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua, na tunataka zitembee zenyewe simu kwa simu, bila kulipia tangazo popote. Maelezo sahihi yapo tena hayana utata, maji ya bomba ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20. Halafu ukiingia kwenye magrupu unachokutana nacho ni paka dawa ya meno, paka mafuta, weka barafu, na hizo ndo zinaforwadiwa mpaka zinakufikia kutoka pande tatu kabla jua halijazama.

Kwa hiyo swali la mradi sio nini cha kufanya mtu akiungua, hilo madaktari walishalijibu. Swali ni kwa nini kidole cha mtu kinaenda kushea ile na hii kinaipita, na kama tukilielewa hilo je tunaweza kuifanya hii iliyo sahihi itembee bila kuipaka uongo hata kidogo. Hapo kwenye "hata kidogo" sitaki mjadala, maana ni ngozi ya mtu.

Tupo wachache: mi naandika, kuna anayechora, na kuna dada muuguzi ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna sentensi inayotoka bila yeye kuipitisha. Kwa sasa nasoma. Tafiti za kushea zipo nyingi na nyingine zimefanywa kwa data kubwa kweli, kwa hiyo naona bora nianzie huko kuliko kukisia.

Jumatano, hisia inayoamsha na hisia inayolaza

Nimeanza na utafiti wa Jonah Berger na Katherine Milkman uliotoka 2012. Walichukua makala karibu 7,000 za New York Times, za kama miezi mitatu ya mwaka 2008, wakaangalia zipi zinaingia kwenye ile orodha ya makala zilizotumwa sana kwa imeili. Mtu atasema imeili mambo ya zamani, lakini mi naona hiyo ndo inaufanya utufae, kwa sababu imeili ina mtu mwisho wake, huitupi hewani, lazima uandike jina la anayepokea.

Walichopata ni kwamba kwa ujumla makala zenye hisia nzuri zilitumwa zaidi kuliko zenye hisia mbaya, ila ukichimba unakuta uzuri na ubaya sio ndo mwisho wa habari, kuna suala la kama hisia inakuamsha au inakulaza. Ule mshangao wa kuduwaa mbele ya kitu kikubwa, hasira, wasiwasi, hivi vinauamsha mwili, moyo unaenda mbio, na makala inatumwa. Huzuni inakulaza, unashusha simu unatazama dari, na makala za huzuni zilitumwa kidogo. Halafu makala zenye faida ya wazi, yaani mtu akimaliza kusoma anajua cha kufanya, nazo zilitumwa zaidi. Na haya yalibaki hivyohivyo hata walipoweka kwenye hesabu nafasi ya makala kwenye ukurasa wa mbele na imekaa hapo muda gani, maana kitu kikining'inizwa juu kabisa masaa mengi kitatumwa tu, hata kiwe cha kawaida.

Kuna jaribio lingine la huyohuyo Berger, la 2011, ambalo limenikaa kichwani. Watu waliokimbia papo hapo walipo kwa dakika moja, wakaletewa makala ya kawaida isiyo na hisia yoyote, walikuwa tayari kuituma zaidi kuliko waliokaa tu wametulia. Mbio hazina uhusiano wowote na makala! Ni mwili tu umeamka, na mwili ulioamka unatafuta pa kumwagia.

Sasa kwetu. Picha ya kwanza iliyopendekezwa kwa kadi ni mkono wa mtoto wenye kovu kubwa, na inauma kuiangalia, wote tulikubaliana ina nguvu. Lakini nguvu yake inaelekea wapi? Inaelekea kwenye huzuni, jambo limeshatokea, hakuna la kufanya tena, mtu anasema maskini mtoto wa watu halafu anafunga. Tumeiweka pembeni. Mchoraji analeta mkono uleule mdogo ukiwa chini ya bomba, maji yanatiririka, na mkono wa mtu mzima umeushika. Wasiwasi bado upo, maana ameungua, lakini kuna la kufanya na linafanyika mbele ya macho yako. Mi naamini tofauti ya hizo picha mbili ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya maneno tutakayoandika chini yake.

Alhamisi usiku, kwa nini uongo unawahi

Leo nimerudi kwenye utafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2018. Walifuatilia minyororo ya uvumi kama 126,000 kwenye Twitter kuanzia 2006 mpaka 2017, iliyosambazwa na watu kama milioni 3, na kila habari ilikuwa imeshahakikiwa na taasisi za kukagua ukweli. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa upya, na ya kweli ilichukua muda kama mara 6 zaidi kuwafikia watu 1,500. Na kabla hujasema ni roboti, waliangalia hilo pia, roboti zilisambaza kweli na uongo kwa kasi inayolingana, kwa hiyo ile tofauti imeletwa na sisi watu.

Maelezo yao ni upya. Uongo ulikuwa mpya zaidi kwa aliyeusoma, haufanani na alichokwishaona siku za karibuni, na majibu ya watu kwenye habari za uongo yalijaa mshangao na kuchukizwa. Inaeleweka ukiwaza, anayetunga habari hana mipaka, anaitengeneza ilingane na mdomo wa msikilizaji, wakati mwenye ukweli amefungwa na kilichopo.

Nimekaa na hili muda mrefu kwa sababu linaweza kukukatisha tamaa, ukasema basi, ukweli hauna upya, tumeshindwa kabla hatujaanza. Lakini si kweli kwamba ukweli hauna upya, ni kwamba anayeusema ameuzoea mno. Mwulize mtu yeyote akae na jeraha la kuungua chini ya bomba muda gani, atakwambia dakika moja, mbili, mpaka maumivu yapoe. Mwambie ni dakika 20 uone macho yake. Halafu mwambie maji yanasaidia hata ukichelewa, kwamba mpaka saa tatu baada ya kuungua (yaani masaa matatu yamepita, nisieleweke vibaya) bado unaambiwa weka chini ya maji. Hilo watu hawalijui kabisa! Mi mwenyewe niliposoma mara ya kwanza nilimpigia simu ndugu yangu palepale kumwambia, na hapo ndo kushea kwenyewe, sikuhitaji kitufe.

Kwa hiyo upya tunao na ni wa kweli. Rasimu ya zamani ilianza na "Huduma ya kwanza kwa majeraha ya moto", ambayo ni kichwa cha daftari la shule, na zile dakika 20 zimejificha kwenye mstari wa nne. Rasimu mpya inaanza na namba kubwa, 20, peke yake, na chini yake "dakika. Sio mbili." Dada muuguzi ameipitisha ila ameongeza sharti moja, neno "yanayotiririka" lisiondoke hata tukibanwa na nafasi, kwa sababu watu watachovya mkono kwenye bakuli maji yakapata joto na wao wakahesabu dakika zimetimia.

Jumamosi, "nimtumie nani?"

Leo ndo siku ambayo mradi umebadilika. Nilimtumia dada muuguzi rasimu mpya na nikamwomba aiforwadi kwa mtu yeyote anayependa, nione inaonekanaje ikifika. Akakaa kimya muda, akaandika: "Kaka, kadi nzuri, haina kosa. Ila nimtumie nani?"

Nikasema mtu yeyote, kila mtu anaweza kuungua. Akajibu: "Ndo hivyo sasa, ya kila mtu sina wa kumpa."

Nimeishi na sentensi hiyo tangu mchana. Tafiti zote nilizosoma zinaongelea kilichomo kwenye kadi, hisia, upya, faida, na zote zina ukweli, lakini mtu akiwa na simu mkononi hafikirii maudhui, anamfikiria mtu. Anaona kitu, na kabla hata hajamaliza kusoma, jina la mtu limeshamjia. Klipu ya kuchekesha unaiona unasema huyu ni fulani kabisa. Tangazo la kazi unakumbuka mdogo wako anayetafuta. Kitu kisichoita jina la mtu yeyote kichwani, hata kiwe kizuri vipi, unakipenda, unakipa laiki, unapita.

Hapa ndo nimeuelewa upya ule mchezo wa 2014, wa watu kujimwagia ndoo ya maji ya barafu kwa ajili ya ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli. Watu wanaukumbuka kwa barafu. Lakini tazama kanuni zake: unajimwagia, unataja watu watatu kwa majina, na hao wana masaa 24. Yaani swali la nimtumie nani lilikuwa limewekwa ndani ya kitu chenyewe, hukuweza kushiriki bila kutaja mtu, na aliyetajwa ametajwa mbele za watu. Video zaidi ya milioni 17 ziliwekwa Facebook, na ALS Association ya Marekani peke yake ilipokea dola milioni 115. Ukiitoa ile sehemu ya kutaja majina ukabakiza barafu, mi sioni kama ingevuka hata mtaa mmoja wa intaneti.

Na lile yai la Instagram la Januari 2019, picha ya yai tu, halina hata chumvi. Lilikuja na maneno kwamba tulipe laiki nyingi kuliko picha yoyote, tuipite ile ya Kylie Jenner yenye laiki milioni 18, na ndani ya kama siku kumi likaipita. Hakuna hisia kubwa pale, hakuna faida. Ila kila aliyepita alipewa kazi ndogo ya sekunde moja, na akaona namba ikipanda kwa mchango wake, na kazi ile huwezi kuimaliza peke yako kwa hiyo unaita wengine.

Kwa hiyo uamuzi: hakuna tena kadi ya kila mtu. Tunagawa. Kadi ya mwenye mtoto anayeanza kutembea na kuvuta vitu mezani. Kadi ya anayepika sehemu ya watu wengi. Kadi ya fundi wa kuchomelea. Kadi ya anayeishi na mzee ambaye mikono imeanza kutetemeka. Maelezo ya huduma ni yaleyale, neno kwa neno, muuguzi hataki yabadilike na yuko sahihi, ila mlango wa kuingilia ni wa mtu mmoja anayejulikana. Ukiiona ya fundi, fundi wako anakujia kichwani bila kuitwa.

Jumatatu, je tunatafuta milioni?

Mwenzetu mchoraji aliuliza swali zuri, tukigawa hivi si tunajibana, kitu kinachotrendi si kinatakiwa kiguse wote? Nikaenda kutafuta jibu kwenye kazi ya Sharad Goel, Duncan Watts na wenzao, ya 2016. Walipitia kama matukio bilioni moja ya kusambaa kwenye Twitter, habari, video, picha na maombi ya kusaini, wakachora umbo la kila mmoja, nani alichukua kwa nani. Na tulichozoea kukiita kusambaa kama virusi, mtu kwa mtu kwa mtu kwa vizazi vingi, ni nadra mno. Vitu vingi haviendi kokote, vinaishia kwa aliyeviweka au hatua moja mbele. Na vile vikubwa, ukubwa wake mara nyingi unatokana na akaunti moja kubwa au chombo cha habari kurusha kwa watu wengi kwa mpigo, ni matangazo zaidi kuliko mnyororo.

Halafu kuna bahati, na hili lilipimwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na huyohuyo Watts walitengeneza tovuti ya muziki, nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, washiriki zaidi ya 14,000. Baadhi walichagua bila kuona wengine wamechagua nini. Wengine waligawanywa kwenye dunia 8 zilizotengana, na ndani ya kila dunia unaona wimbo upi umepakuliwa mara ngapi. Kama ubora ndo kila kitu, dunia zote 8 zingekuwa na washindi walewale. Haikuwa hivyo. Nyimbo bora kabisa mara chache zilianguka na mbovu kabisa mara chache zilipanda, lakini hapo katikati chochote kiliweza kutokea, wimbo unaongoza dunia hii na kule umezama, kwa sababu tu wachache wa mwanzo walibonyeza huku na sio kule na waliofuata wakafuata.

Nimemjibu mchoraji kwamba milioni hatuwezi kuipanga, na atakayekwambia anaipanga anakuuzia kitu. Tunachoweza kupanga ni ile hatua moja, mtu mmoja kumpa mtu mmoja anayemjali, na kuhakikisha yule wa pili naye ana mtu wake. Kama kila anayepokea anampa kwa wastani zaidi ya mtu mmoja, inakua yenyewe. Kama ni chini ya mmoja inakufa yenyewe, hata ukianza na watu elfu. Na kwa kitu kama chetu hata ikifa baada ya hatua tatu, zile hatua tatu zimeingia jikoni kwa watu watatu.

Jumanne, kuhusu njia yenyewe

Nilikuwa nafikiria kilichomo na watu, leo nimeangalia bomba linalopitisha. WhatsApp Januari 2019 ilipunguza kuforwadi mpaka chati 5 kwa wakati mmoja, dunia nzima. Aprili 2020 ikabana zaidi, ujumbe ambao umeshaforwadiwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, unaruhusiwa kwenda chati moja tu kwa wakati. Kampuni ikasema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kutuma, waliongeza tu kazi ya kidole. Maana yake sehemu kubwa ya kusambaa haikuwa hamu, ilikuwa wepesi.

Na utafiti wa Gizem Ceylan, Ian Anderson na Wendy Wood wa 2023 unagonga hapohapo. Kwenye majaribio yao asilimia 15 ya washiriki, wale wenye mazoea makubwa zaidi ya kushea, ndo waliobeba kati ya asilimia 30 na 40 ya habari za uongo zilizosambazwa. Sio kwamba wana nia mbaya, mkono umezoea, mtandao uliwazawadia laiki mpaka kushea kukawa kama kupepesa jicho. Hii imenipa huruma kwa yule anayetutumia dawa ya meno kila siku. Anatujali, anatutumia kwa upendo, ila mkono unatangulia.

Mambo ya kiufundi tuliyoamua kutokana na hili: kila kitu kiwe ndani ya picha moja, pasiwe na linki ya kufungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa mwaka 2016 walikuta kwamba asilimia 59 ya linki zilizosambazwa Twitter hazikuwahi kubonyezwa na mtu yeyote, watu wanatuma kichwa cha habari. Kwa hiyo kilicho nyuma ya linki tuhesabu hakipo. Tarehe na chanzo viwe ndani ya picha yenyewe kwa maandishi yanayosomeka hata picha ikishabanwa, kwa sababu kadi ikishapita mikono kadhaa maelezo ya chini yanakatika inabaki picha uchi. Na iwe nyepesi, isimle mtu bando.

Ijumaa, hasira tumeiacha

Kulikuwa na pendekezo la kadi kali, "Acha kumpaka mtoto dawa ya meno!" na uso wa mama amekasirika. Ingesambaa, sina shaka. William Brady na wenzake 2017 waliangalia twiti zaidi ya 560,000 za mada za siasa zinazogombanisha watu Marekani, wakakuta kila neno lenye hisia na hukumu ya maadili ndani yake linaongeza kusambaa kwa kama asilimia 20. Na Facebook kuanzia 2017 ilikuwa inahesabu riakshen za emoji, ikiwemo ile ya hasira, mara tano ya laiki kwenye kuamua nani aone nini, halafu uzito wa hasira ukapunguzwa kidogokidogo mpaka Septemba 2020 ukashushwa hadi sifuri, haya yalijulikana kwenye nyaraka za ndani zilizoandikwa na magazeti 2021. Yaani kwa miaka hiyo mwenye kukasirisha alikuwa anasukumwa na mashine.

Lakini utafiti huohuo wa Brady unaonyesha kitu cha pili, kwamba maneno ya namna hiyo yanatembea zaidi ndani ya kundi la wanaokubaliana kuliko kuvuka kwenda upande wa pili. Na sisi tunayemtaka ni wa upande wa pili, ni yule anayepaka dawa ya meno! Ukimtukana hatafungua. Wanaojua tayari wataitumiana wao kwa wao wapongezane. Kwa hiyo kadi kali imekataliwa, na mi nimefurahi, maana mama aliyepaka dawa ya meno alikuwa anahangaika kuokoa mtoto wake na alichokuwa nacho mkononi ndo kile.

Kitu kidogo cha pembeni kuhusu vichwa vya habari. Kuna uchambuzi wa 2023 wa vichwa kama 105,000 vilivyojaribiwa na Upworthy, tovuti ya habari ya Marekani, unaoonyesha maneno hasi yanaongeza kubonyezwa. Mtu anaweza kusema mbona Berger na Milkman walisema hisia nzuri zinatumwa zaidi. Hazigongani. Kubonyeza unafanya peke yako gizani, hakuna anayekuona. Kutuma unafanya mbele ya mtu, na kilichotumwa kinasema kitu kuhusu wewe uliyetuma.

Jumapili, kidole kwa karibu

Leo nimekaa pembeni ya mama mmoja mtu mzima, jamaa wa mmoja wetu, nikamwonyesha kadi ya mtoto bila kumwambia chochote. Akasogeza simu mbali kidogo, macho ya umri ule. Akasoma namba 20 kwa sauti. "Ishirini?" Akakuza picha kwa vidole viwili, akaangalia mkono wa mtoto, akaishusha chini kusoma mistari: vua pete na bangili, usibandue nguo iliyogandia, usipasue malengelenge, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali kama ni usoni, mikononi, sehemu za siri, au kama ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Akarudi juu. Akauliza, "Mwanangu, haya nani kasema?" Nikamwonyesha mstari wa chanzo, akatikisa kichwa kukubali. Kisha bila mimi kusema neno akabonyeza kuforwadi, akapita majina, akapita grupu la familia lenye watu kibao, akashuka mpaka jina moja. Na kabla ya kutuma akaandika juu yake polepole, herufi moja moja: "We binti yangu huyo mtoto wako hatulii soma hii."

Sentensi yake ile ina nguvu kuliko yote tuliyoyaandika sisi. Ina jina, ina sababu, ina mapenzi ya mama. Binti atafungua kwa sababu ya mama yake, sio kwa sababu ya mchoro wetu. Kwa hiyo tumeondoa yale maelezo marefu tuliyokuwa tunayaweka chini ya picha tukiituma, picha itatoka tupu, ili anayetuma aandike lake.

Na nimeangalia alichouliza, haya nani kasema. Gordon Pennycook, David Rand na wenzao walionyesha mwaka 2021 kwamba ukimfanya mtu awaze kidogo tu kuhusu usahihi wa kichwa kimoja cha habari, anachoshea baada ya hapo kinakuwa na ubora zaidi, maana wengi wanajali ukweli ila wakati ule akili ipo kwingine. Mama huyu hakuhitaji kukumbushwa. Ila kwa wengine tumeongeza swali juu kabisa kwenye kona, "Ni kweli? Angalia chanzo chini." Inahusu kadi yetu, lakini natamani ibaki na mtu mpaka kwenye kadi inayofuata ambayo sio yetu.

Jumatano, tulipofika

Kadi ya mtoto na ya fundi zimekamilika na muuguzi amezipitisha. Ya mpishi bado, anataka mstari wa moto wa mafuta uandikwe upya, usimwagie maji mafuta yanayowaka, zima jiko, funika sufuria kama unaweza kufanya hivyo bila kujiumiza, la sivyo toka nje na uite msaada, na anataka usichanganyike na maji ya kupoza ngozi, maana neno maji likitokea mara mbili kwenye kadi moja kwa maana mbili tutaua mtu. Nakubaliana naye kabisa, huenda ikawa kadi mbili.

Ya mzee bado tunatafuta mlango wake, maana anayeipokea sio mzee mwenyewe, ni mtoto wake aliye mbali, na huyo naye lazima ampe anayekaa na mzee. Hatua mbili kabla haijafika. Wazo la sasa ni kuiandika kama ujumbe wa kumsomea mtu kwenye simu, mistari mifupi, aliye mbali apige asome.

Voisi noti ndo kazi ya wiki hii. Nimeandika inaanza hivi: "Mtu akiungua, maji kwanza. Ya bomba, yatiririke. Hesabu dakika ishirini kwa saa, usikisie." Muuguzi anasema niseme taratibu zaidi na nirudie namba, kwa sababu anayeisikiliza anaweza kuwa amemshika mtoto anayelia. Nairekodi upya kesho asubuhi kukiwa kimya.